Makaburi ya Mombasa na Unyenyekevu wa Ludwig Krapf

Wanafunzi wa shule zetu za upili humjua Johann Ludwig Krapf kwa mambo mawili, na wale wanaosoma isimu vyuoni humjua kwa la tatu. Ndiye mmishonari wa kwanza wa chama cha CMS kufungua kituo katika nchi hii; ndiye Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona Mlima Kenya; na ndiye aliyetuachia sarufi na kamusi za awali za Kiswahili zilizopigwa chapa Ulaya. Majibu hayo huzoa alama katika mtihani, wala sina ugomvi nayo. Lakini mtu anayeyafuata maisha ya Krapf tangu mwanzo hadi mwisho hukutana na jambo ambalo vitabu vya darasani hulipita mbio: hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa shabaha yake kuu. Alichokitafuta hasa hakukipata, na yale tunayomkumbuka kwayo aliyafanya njiani, wakati alipokuwa amezuiwa kwenda alikotaka.

Nalisema hili kwa sababu zipo siku hizi mimbari nyingi ambako muumini huambiwa kwamba imani hudhihirika kwa gari, kwa nyumba na kwa umati unaofurika uwanjani. Kwa kipimo hicho, Krapf alikuwa mtu asiye na imani kabisa. Mwalimu anayewafundisha vijana habari zake hana budi kuamua ni kipimo gani atakachokitumia.

Kabla sijaendelea, niruhusiwe kugusia neno lenyewe, kwani ndiyo kazi yangu. Kiswahili hakimchanganyi mnyenyekevu na mnyonge. Mnyonge ni yule aliyekosa nguvu, apende asipende. Mnyenyekevu ni yule anayejishusha kwa hiari yake, hata kama angaliweza kujikweza. Vilevile lugha yetu imeyaweka karibu karibu maneno mawili, egemea na tegemea. Aegemeaye ukuta huuachia uzito wa mwili wake. Amtegemeaye mtu humwachia uzito wa shida zake. Mafundisho ya Kikristo kuhusu unyenyekevu yana mambo hayo yote mawili ndani yake: kujishusha, na kumwachia Mungu uzito. Maisha ya Krapf yanaonyesha jinsi ya pili ilivyo ngumu zaidi ya ya kwanza.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, jirani mmoja alimpiga vibaya mno kwa kosa lililotendwa na mtoto mwingine, akaugua kwa muda wa miezi sita. Katika kitanda hicho ndipo alipoizoea Biblia, akiisoma kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya. Baadaye akapelekwa shule Tübingen, na hapo ikabainika kwamba kijana huyu alikuwa na kipawa cha lugha kisicho cha kawaida.

Wakristo wa sehemu zile walikuwa wamelelewa katika mkondo wa uamsho uliosisitiza toba ya moyo, usomaji wa Biblia nyumbani, na shaka kubwa juu ya uwezo wa mwanadamu kujiokoa. Mkondo huo ulikuwa na uzuri wake na hatari yake. Krapf aliingia katika chuo cha wamishonari cha Basel mwaka 1827, lakini baada ya kuzama katika maandishi ya watawa na wenye kutafuta maono, alijiona kuwa hafai kabisa kwa kazi ya Mungu, akaondoka. Alisomea theolojia Tübingen, akamaliza mwaka 1834 na kuwa kasisi msaidizi kijijini. Huko nako hubiri lake kuhusu kukaribia kwa siku za mwisho lilimtia mashakani na wakubwa wake. Kwa hiyo huyu hakuwa kijana aliyetoka chuoni akiwa na cheti mkononi na njia iliyonyooka mbele yake. Alikuwa mtu aliyeshindwa kujiamini, na ambaye kwa muda mrefu alidhani kwamba kutojiamini ndiko unyenyekevu. Kuna walimu wengi wanaodhani hivyo hadi leo.

CMS, chama cha wamishonari wa Kanisa la Uingereza, kilimpeleka Ethiopia mwaka 1837. Mwaka uliofuata alifukuzwa Tigray pamoja na wenzake. Akazunguka, akaingia ufalme wa Shewa mwaka 1839, akakaa karibu na mfalme Sahle Selassie kwa muda wa miaka mitatu hivi. Shabaha yake kubwa ilianzia huko. Alikutana na Waoromo, ambao Wazungu wa wakati ule waliwaita Wagalla, akashawishika kwamba watu hao wakiipokea Injili, Afrika nzima ya mashariki na ya kati itawafuata. Akaanza kujifunza lugha yao na kutafsiri sehemu za Biblia. Mwaka 1842 alifunga safari kwenda pwani kuwapokea wenzake wapya. Njiani chifu mmoja wa Wollo, Adara Bille, akamtia kizuizini na kumpora kila alichokuwa nacho. Alipotaka kurudi Shewa mlango ulikuwa umekwisha kufungwa.

Katika mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Tübingen kilimpa shahada ya udaktari kwa utafiti wake wa Ethiopia. Nasi tulio na shahada kama hiyo tunajua jinsi ilivyo rahisi kuitundika ukutani na kuitazama. Yeye wakati huo hakuwa hata na ukuta. Alimwoa Rosine Dietrich mjini Alexandria, wakajaribu tena kuingia Ethiopia. Jaribio hilo likashindikana, na mtoto wao wa kwanza akazaliwa na kufa jangwani mwaka 1843. Walimpa jina la Eneba, lenye maana ya chozi katika lugha ya Kiamhari.

Hapo ndipo Mombasa inapoingia katika habari hizi. Kwa kuwa njia ya kaskazini ilikuwa imefungwa, Krapf aliwaza kuwafikia Waoromo kutoka kusini, kwa njia ya pwani yetu. Januari 1844 alifika Unguja. Sayyid Said alimpokea vizuri, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi wa Mei mwaka huo Krapf na mkewe walikuwa wamekwisha kukaa Mombasa. Kwa maneno mengine, Mombasa ilikuwa mlango wa uani. Hakuja kwa ajili ya Kiswahili, wala kwa ajili ya Warabai, na mlima uliofunikwa na theluji hakuufikiria kabisa.

Mwezi wa Juni alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Msaidizi wake, au tuseme mwalimu wake, alikuwa kadhi wa Mombasa aliyeitwa Ali. Nawaomba wanafunzi walikumbuke jambo hili, kwa sababu halitajwi inavyostahili. Mmishonari wa Kikristo, daktari wa Tübingen, aliketi kama mwanafunzi mbele ya hakimu wa Kiislamu, akiuliza neno gani linafaa kwa mbingu, neno gani kwa roho, neno gani kwa kuumba. Bila ya wema na elimu ya kadhi huyo kazi hiyo isingalianza.

Kisha ikaja Julai. Homa iliwaangusha wote wawili. Tarehe 6 Rosine alijifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 akafariki, na mtoto naye haukupita muda akamfuata mama yake. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi cha kushindwa hata kusimama vizuri. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo wapita njia wangeliona kaburi na kuuliza aliyelala humo alikuja kutafuta nini. Alizikwa huko, na kaburi liko hadi leo upande wa Nyali. Mombasa haikuwa imewalaza hata miezi mitatu.

Mtu aliyepoteza mke na watoto wawili katika muda wa mwaka mmoja na kidogo angaliomba arudishwe kwao, na hapana ambaye angalimlaumu. Krapf aliwaandikia wakubwa wake wa London akiwataka wayahesabu makaburi yale kuwa dalili ya kwamba kazi imeanza, na kwamba Kanisa husonga mbele likipita juu ya makaburi ya watu wake. Maneno hayo yamenukuliwa mara nyingi katika vitabu vya misheni kama tamko la shujaa. Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Aliyeyaandika alikuwa mgonjwa, mpweke, asiye na mradi uliofaulu hata mmoja nyuma yake. Hakuwa na chochote cha kujivunia mbele ya wakubwa wake ila makaburi, basi akawapelekea makaburi. Huko ndiko kutegemea: uzito wote umeachiwa ukuta.

Miaka miwili ilipita kabla hajapata mwenzake. Johannes Rebmann, ambaye naye alitoka Württemberg, aliwasili Juni 1846. Wazee wa kaya ya Rabai walikuwa wamekubali wageni hawa wakae kwao, na tarehe 25 Agosti wakafunga safari kupanda Rabai kufungua kituo. Siku hiyo wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja tu, wakampanda kwa zamu. Huyu akichoka kutembea, yule hushuka. Taswira hiyo naipenda kuliko sanamu zote za wavumbuzi. Kituo ambacho leo hutajwa kuwa chimbuko la Kanisa la Anglikana katika Kenya kilifunguliwa na wagonjwa wawili na punda mmoja, kwa ruhusa ya wenyeji ambao wangaliweza kukataa.

Yaliyofuata ndiyo yanayojulikana zaidi, kwa hiyo sitayakalia. Rebmann aliuona Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848. Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui, kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Ukambani. Wajuzi wa jiografia mjini London, na hasa William Desborough Cooley, waliwacheka: vipi theluji ikae karibu na Ikweta? Ilichukua miaka kadhaa hadi wasafiri wengine walipothibitisha. Krapf aliyatetea aliyoyaona, lakini hakuligeuza jambo hilo kuwa vita vya maisha yake.

Mwaka 1851 ndio uliomvunja. Alikuwa amerudi kutoka Ulaya akiwa na mpango mkubwa wa kuunganisha pwani ya mashariki na ya magharibi kwa mlolongo wa vituo vya misheni kupitia katikati ya Afrika. Wamishonari wapya wawili walikuja. Mmoja akafa kwa homa baada ya muda mfupi na mwingine akaiacha kazi. Krapf alijaribu kufungua kituo Yatta, na jaribio likafa mara moja. Alipokuwa akisafiri na Kivoi kuelekea Mto Tana, majambazi waliushambulia msafara wao, Kivoi akauawa. Krapf akakimbilia porini peke yake. Alifika mtoni usiku akanywa, na kwa kuwa hakuwa na chombo, alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Vichaka vilipoyang'oa majani yale maji yakamwagika. Alitembea kwa njaa na kiu kwa siku kadhaa, na alipofika kwa watu wa Kivoi walimlaumu kwa kutokufa pamoja na rafiki yao. Ikambidi atoroke usiku.

Bunduki iliyogeuzwa kibuyu! Mhubiri mwenye kutafuta mfano wa mwanadamu anayetegemea silaha zake hana haja ya kwenda mbali.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba namchora malaika. Yapo mengi katika maandishi ya Krapf yanayomkera msomaji wa leo, na yana haki ya kumkera. Aliandika kwa ukali juu ya Uislamu, dini ya yule yule kadhi aliyemfundisha. Mila za Wamijikenda, waliompa mahali pa kuishi, mara nyingi aliziona kuwa giza tupu. Hata kamusi yake imejaa maelezo ambayo mwanaleksikografia angalisema hayana nafasi humo. Unyenyekevu wake mbele ya Mungu haukuwa daima unyenyekevu mbele ya jirani, na Mkristo anayeisoma Injili kwa makini anajua kwamba huo wa kwanza ukikosa wa pili huwa na kasoro kubwa. Aidha, Rebmann hakukubaliana naye katika mambo ya msingi. Krapf alitaka kusafiri, kupima nchi na kupanga vituo kwenye ramani. Rebmann alitaka kukaa mahali pamoja na kusubiri. Nionavyo mimi, kati ya wawili hao, mnyenyekevu zaidi alikuwa Rebmann, aliyekaa pwani miaka 29 hadi akawa kipofu.

Lakini kuna jambo moja ambalo Krapf aliliona mapema kuliko wengi wa wakati wake. Katika kitabu chake cha safari, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860, aliwaonya wamishonari wenzake wasitumainie mabadiliko ya kisiasa Afrika ya Mashariki, wala wasidhani kwamba serikali ya Kizungu ikija ndipo Injili itakapostawi. Anayetegemea siasa, alionya, atajikuta amenaswa ndani yake. Haya yaliandikwa zaidi ya robo karne kabla ya mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885. Inasikitisha basi kwamba miaka michache baadaye yeye mwenyewe alikubali kuwa mkalimani wa jeshi la Uingereza lililokwenda Magdala, Ethiopia, kati ya mwaka 1867 na 1868. Aliugua na kurudi kwao. Wanahistoria wanaomweka katika kundi la watangulizi wa ukoloni wana ushahidi huo mkononi, nao si mdogo. Hata hivyo onyo lake lipo, limepigwa chapa, na Kanisa la nyakati za baadaye lingalifanya vyema kulisikiliza.

Na matunda ya kazi yake? Alipoondoka Mombasa mwaka 1853 kwa sababu ya ugonjwa, waongofu walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete aliyekuwa karibu na kufa. Zingatia, msomaji: udaktari, safari za maelfu ya maili, mke, watoto, na mwishoni mwa yote hayo kiwete mmoja kitandani. Mtu wa hesabu angaliufunga mradi huo siku ile ile. Krapf aliyehangaika juu ya Waoromo wote na Afrika yote alipewa Mringe, naye alimpokea kama aliyepewa kingi.

Kilichofuata Rabai kilifanywa na wengine. Mwaka 1864 walikuja Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa India, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler, na hao ndio waliofundisha na kulea usharika katika miaka ambayo hapakuwa na Mzungu wa kutegemewa ila Rebmann aliyezidi kupoteza nuru ya macho. Jones na Semler wakawa mashemasi mwaka 1885. Krapf alirudi kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kupata mahali Ribe, akaugua tena, akaondoka. Hakuiona Mombasa tena.

Miaka yake ya mwisho aliishi Korntal, kijiji cha Wakristo wa uamsho karibu na Stuttgart, akishughulika na lugha. Sarufi yake fupi ya Kiswahili ilikuwa imetoka Tübingen mwaka 1850. Sasa alikuwa akikamilisha kamusi, kazi iliyokuwa imeanza katika vijikaratasi vya Mombasa. Msingi wake ulikuwa Kimvita, lahaja aliyoisikia mitaani na kwa kadhi wake. Alikiandika kwa herufi za Kirumi, ingawa wenyeji walikuwa na hati zao za Kiarabu kwa karne nyingi. Baadaye Askofu Steere wa Unguja alikiinua Kiunguja, nacho ndicho kilichokuja kufanywa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hata katika uwanja huu, basi, lahaja aliyoitumikia haikushinda. Sisi tunaochunguza Kimvita cha karne ya 19 hatuwezi kuiweka kando kamusi hiyo. Maneno mengi yamehifadhiwa humo ambayo vizazi vya leo havikuyasikia.

Rebmann alirudi Ulaya mwaka 1875 akiwa kipofu, akafa Korntal mwaka uliofuata. Krapf aliendelea na masahihisho yake. Asubuhi moja, mwishoni mwa Novemba 1881, alikutwa amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, katika hali ya kusali. Alizikwa katika makaburi yale yale alimolala Rebmann. Kamusi ilitoka London mwaka 1882.